Mama Pole Yuko Hewani

Maiki namba mbili ilikuwa inapumua, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Fundi aliziona taa zake za kijani zikipanda mbili, zikashuka, zikapanda mbili tena, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Kwa asiyeijua kazi ya redio, kila maiki ya studio ina safu yake ya taa ndogo kwenye meza ya mitambo. Mtu akiongea zinapanda, akinyamaza zinashuka. Maiki namba moja ilikuwa ya mkewe. Namba mbili ilikuwa ya mgeni, na asubuhi hiyo hapakuwa na mgeni. Akaishusha sauti mpaka chini kabisa. Taa zikaendelea. Akachomoa waya. Taa zikaendelea. "Mitambo ya mitumba hii!" akasonya. Akabandika karatasi ya gundi juu yake zisimkere macho, akaendelea na kazi.

Upande wa pili wa kioo mkewe alikuwa anacheka na msikilizaji. Jina lake la nyumbani halikuwa na kazi tena. Watu wote walimwita Mama Pole, kwa sababu kila siku kuanzia saa tatu mpaka saa tano asubuhi walimpigia simu na matatizo yao, naye akawapa pole. Wapo wanaosema pole kama wanamfukuza mtu mlangoni. Yeye aliisema ikamwingia mtu mpaka kwenye mifupa. Mke aliyetimuliwa na wakwe, mzee aliyesahauliwa na wanawe, binti aliyefeli mtihani mara ya tatu, wote waliambiwa, "Pole, mpenzi wangu. Nimekupokea." Picha yake ilikuwa kwenye mabango ya sabuni. Hata mama yake mzazi aliliacha jina alilompa mwenyewe, akawa anamwita Mama Pole, tena kwa sauti ya juu, majirani wasikie.

Basi taa nyekundu ya studio ilipozimwa, na yeye alizimika.

Hapo ndipo palipomuuma Fundi. Njiani hasemi. Nyumbani anakaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye friji, viatu miguuni, mkoba begani, mpaka jua linazama. Hali. Siku tatu zinapita hajaoga.

"Mke wangu, ongea na mimi basi," Fundi alimwambia siku moja, amechuchumaa mbele yake na sahani ya wali.

"Zimeisha."

"Nini zimeisha?"

"Pole. Zote nimewapa wao."

Fundi akaweka sahani chini, akatoka nje akapiga teke ndoo ya watu. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilimtia aibu, maana aliwaonea wivu watu wenye shida. Iko siku aliwaza abane pua, apige simu kama msikilizaji, angalau aambiwe pole na mke wake mwenyewe. Jamani, mtu unafika huko!

Alijaribu kila njia ya mtu mzima. Alimpeleka hospitali. Daktari alikuwa mama mmoja makini, alimsikiliza saa nzima, akasema huu ni ugonjwa wa sonona, una dawa, na dawa ya kwanza ni kupumzika, akaandika barua ya likizo ya miezi miwili. Fundi alitaka kumkumbatia. Lakini walipotoka chumbani, korido ilikuwa imejaa. Wagonjwa wenye dripu, walinzi, wapishi, kila mtu na simu yake juu. "Mama Pole, picha moja tu! Cheka kidogo!" Naye akacheka. Hiyo ndiyo laana ya kazi yake, akiona watu anacheka. Kabla ya jioni picha ilikuwa imezunguka kila mahali, na maandishi chini yake: Mama Pole Atembelea Wagonjwa, Ana Moyo wa Dhahabu.

"Mgonjwa ni yeye!" Fundi aliipigia kelele simu yake. "Mgonjwa ni yeye, nyie watu!"

Mkurugenzi wa vipindi aliisoma barua ya daktari amesimama, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai.

"Sonona? Huyu? Fundi, wewe ulikuwa kwenye mitambo leo. Kicheko kile ni cha mgonjwa?"

"Ndiyo, bosi. Mgonjwa anaweza kucheka."

"Basi naomba tuugue wote." Akacheka mwenyewe. "Miezi miwili bila Mama Pole, simu za watu utajibu wewe? Mpe maji ya moto na asali. Kesho saa tatu."

Mama mkwe ndiye aliyemmaliza kabisa. "Mwanangu amekosa nini?" aliuliza kwenye simu. "Ana jina, ana nyumba, anapendwa na watu asiowajua. Baba, sema ukweli tu, una wivu. Wanaume hampendi mke akisikika."

Kumweleza mtu asiyetaka kuelewa ni kumpigia mbuzi gitaa. Akakata.

Baadaye ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya nguo zilizofuliwa zikaachwa kwenye beseni bila kuanikwa, na ilitoka kwenye kiti cha mgeni. Fundi alikiosha. Alikibadilisha, akaleta kingine kutoka chumba cha mikutano. Kufikia saa nne nacho kilinuka, na mto wake ulikuwa umebonyea katikati, umeshika umbo la makalio ya mtu mzito.

Siku aliyojua kuwa hili si la hospitali peke yake ilikuwa siku ya kazi ya kawaida, jua linawaka nje, chai iko mezani. Mkewe alifika studio nusu amebebwa. Macho yamezama. Fundi alimtazama kupitia kioo, akasema moyoni, liwalo na liwe, leo kipindi hiki nakizima, wanifukuze. Msikilizaji alikuwa katikati ya kilio chake. Fundi akashika kitufe cha maiki namba moja akakivuta mpaka chini, akiwa ameshajiandaa kwa ule ukimya ambao kwa mtu wa redio ni msiba, lakini ukimya haukuja, sauti ya mkewe iliendelea kutoka kwenye spika, safi, tamu, "Pole, mpenzi wangu, lia tu, nipo," naye akadhani ameshika kitufe kisicho chake, akavuta na cha pili na cha tatu na vyote mpaka meza nzima ikawa imelala, na sauti bado inatoka, inacheka kidogo, inamuuliza yule msikilizaji watoto wake wanaendeleaje, mmoja mmoja kwa majina, na Fundi alipoinua macho kwenye kioo alimwona mke wake amelaza shavu mezani, machozi yanatiririka mpaka kwenye karatasi, mdomo umefungwa kabisa, umebanwa, na chini ya ile karatasi ya gundi taa za maiki namba mbili zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, sawasawa na kila neno.

Mkewe alimwona anamtazama. Midomo yake ikafunguka kidogo, bila sauti. Fundi amesoma midomo ya watu nyuma ya kioo kwa miaka kumi na miwili, hakuhitaji kuuliza.

"Nitoe."

Fundi alitoka mbio. Kwenye korido akagongana na mama mfagizi, ndoo ikamwagika.

"Samahani, mama. Mle ndani... mle ndani kuna..."

"Kuna mgeni," mama mfagizi akasema, akiwa hata hajashangaa. "Mimi siingii mle kufagia tangu siku ya ile mvua iliyong'oa paa la gereji. Hujaona vumbi? Nilimwambia Mkurugenzi kuna mtu hatoki kwenye kile kiti. Akaniambia nipunguze porojo."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungenisikia?" mama mfagizi aliuliza kwa upole. "Wewe masikio yako yana vifuniko mchana kutwa."

Siku ya ile mvua. Kipindi kilipokwisha Fundi alimfikisha mkewe nyumbani, akarudi kwenye rekodi, maana kila simu inayopigwa kwenye kipindi huhifadhiwa. Aliipata. Miezi mitano nyuma, dakika ya mwisho kabla ya matangazo. Sauti ya msikilizaji ilikuwa haina umri, haina mwanaume wala mwanamke.

"Sina mtu," ilisema. "Sina pa kukaa. Nikija kwako, utanipokea?"

"Pole, mpenzi wangu. Nimekupokea," mkewe akajibu.

"Kweli? Nikiingia sitatoka."

"Wala usitoke! Hapa ni kwako."

"Useme mara ya tatu."

"Karibu, karibu, karibu kabisa. Twende kwenye matangazo."

Fundi aliikumbuka siku hiyo. Mkewe hakuwa anamsikiliza yule mtu hata kidogo. Alikuwa anamtazama yeye, Fundi, aliyekuwa upande wa pili wa kioo anazungusha mkono hewani, malizia, malizia, muda umekwisha. Fundi akavua hedifoni. Mwenye kosa ni nani hapo? Mwanamke aliyechoka mpaka anatoa karibu kama mtu anayegonga mhuri, au mumewe aliyekuwa anamharakisha?

Mama mfagizi ndiye aliyempeleka kwa Bi Cherehani. Bi Cherehani alikuwa mshona mapazia, na majini aliyatoa kazi zikipungua. Walimkuta na futi shingoni na nyuzi zimemganda kwenye gauni. Hakumjua Mama Pole. "Cherehani yangu ina kelele, redio ya nini?" Fundi nusura alie kwa furaha. Hatimaye mtu asiyetaka picha!

Alisikiliza rekodi yote, akashusha pumzi.

"Shida ya jini lililovamia ni ndogo, unalifukuza. Hili lilibisha hodi likakaribishwa, tena mara tatu. Mgeni wa namna hiyo hafukuzwi, anaagwa. Na akiagwa anaomba kitu. Nitalipatia kitambaa, nitalishonea nguo yake, yataisha. Lakini litajaribu kuongea na wewe. Usilijibu. Ahadi ya mwenye nyumba inashika. Nimesema nini?"

"Nisilijibu."

"Rudia tena, baba. Nakuona una hasira, na mwenye hasira hana mdomo wake."

"Nisilijibu, Bi."

Lilipokaribishwa ndipo lilipotakiwa kuagwa, na saa zile zile. Kwa hiyo kesho yake, saa nne na nusu asubuhi, Fundi alipanga nyimbo tatu mfululizo, dakika kumi na mbili, akafunga mlango kwa ndani. Bi Cherehani aliketi sakafuni mbele ya kiti cha mgeni, akakunjua kitambaa cheupe, akaanza kushona kwa mkono, ananong'ona maneno yake. Mkewe alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea ukuta. Harufu ya nguo mbichi ilijaa mpaka koo likawasha.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza. Ndipo spika zikakohoa.

"Sitaki kitambaa," sauti ikasema. Sauti ya mkewe.

"Utakipenda, nakipiga pindo," Bi Cherehani akajibu bila kuinua kichwa. "Vaa, nenda zako. Mwenye nyumba amechoka."

"Mwenye nyumba ndiye huyu." Kiti cha mgeni kikalia, kama mtu amegeuka kumtazama Fundi. "Fundi. Baba. Umekonda. Unapika, unafua, unabembeleza, wanakucheka, na hakuna aliyekuuliza wewe unaendeleaje. Pole, mpenzi wangu."

Miezi mitano Fundi alikuwa analisubiri neno hilo, kwa sauti hiyo hiyo. Akameza jibu lililomjia. Akaziba mdomo kwa kiganja.

Ngo ngo ngo! Mlango. "Fundi!" Mkurugenzi alikuwa nje. "Nani amekuruhusu nyimbo mfululizo? Watu wanataka Mama Pole! Fungua!"

"Kaza moyo," Bi Cherehani akanong'ona. Sindano ilikuwa inakimbia. "Kaza, baba, bado upande mmoja."

"Nitamshika mpaka lini?" sauti ikauliza, tamu, bila haraka. "Sina shida ya muda. Yeye ndiye anayeisha. Juzi alisahau jina lako, unajua? Uliingia jikoni akawaza, huyu mwanaume ni nani. Niambie tu unachoweza kuniachia. Mimi ni mpweke, Fundi, nataka kupokelewa, basi."

"Fungua mlango, tunapoteza wasikilizaji!" Mkurugenzi alikuwa anaupiga mlango kwa mikono yote miwili, na simu za studio zikaanza kuwaka zote kwa pamoja, kumi, kumi na tano, watu wanataka pole yao, watu ambao hawakuwahi hata siku moja kuuliza anayeitoa anaitoa wapi, na mkewe akaanza kutelemka ukutani macho yamegeuka meupe, na wimbo wa tatu umebakiza dakika moja, na hasira yote ya korido ya hospitali na barua chini ya kikombe na mama mkwe na mabango ya sabuni ikampanda Fundi ikapita kiganja chake ikatoka.

"Chukua!" alipiga kelele. "Chukua kipindi! Chukua jina, chukua huyo Mama Pole wao na hao wanaompenda, nani anawataka? Niachie mke wangu!"

Kila kitu kikanyamaza. Hata Mkurugenzi.

"Asante," spika zikasema.

Kiti cha mgeni kilijaa hewa, mto wake ukainuka ukawa sawa. Harufu ikakatika. Bi Cherehani alikuwa amejichoma sindano, damu inaingia kwenye kitambaa cheupe, anamtazama Fundi kama mtu anayetazama nyumba inaungua.

"Baba we," alisema taratibu. "Umetoa kisicho chako."

Lakini Fundi hakumsikia. Mkewe alikuwa amefungua macho, amemshika shati, anamwita kwa lile jina la utani la chumbani ambalo halitaandikwa hapa.

"Nina njaa," alisema. "Nina njaa sana. Twende nyumbani."

Walipitia mlango wa nyuma wa studio, Mkurugenzi asiwaone. Alikula mikate minne na mayai, akaoga mpaka maji yakaisha, akalala saa kumi na tano mfululizo. Fundi alikaa kitandani anamtazama anavyokoroma, na kukoroma kule kulimfurahisha kuliko muziki wowote. Akaandika barua mbili za kuacha kazi, yake na ya mkewe. Akazitazama na dawa za daktari, zile zilizokuwa hazijaguswa, akajiambia kesho tunaanza upya, dozi, usingizi na kliniki.

Kesho yake mvua ilianza alfajiri. Mkewe alikuwa ukingoni mwa kitanda anachana nywele, analalamika kwamba zimefungana, na Fundi alikuwa anacheka, ilipofika saa tatu na redio ya jirani ikapiga ule muziki wa kufungulia kipindi.

"Watarudia cha zamani," Fundi akasema.

"Habari za asubuhi, wapenzi wangu," redio ikasema. "Poleni na mvua hii ya alfajiri. Ni mimi wenu, Mama Pole."

Kitana kikasimama katikati ya nywele.

Kwenye simu ya Fundi ukaingia ujumbe wa Mkurugenzi. Leo amejipita mwenyewe! Ameingia saa ngapi? Mlango umefungwa kwa ndani, taa nyekundu inawaka. Mwambie atakavyo na iwe.

"Fundi," mkewe aliuliza, sauti ndogo, "yule nani?"

Fundi akamweleza yote, jinsi alivyopiga kelele, alichotoa. Mkewe hakumgombeza. Alichukua simu akampigia mama yake.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mwanao, mama. Ni mimi. Niko nyumbani. Nilikuwa naumwa, sasa nimepata nafuu, nataka kuja nikae kwako kidogo."

"Binti," mama akasema, na nyuma yake ilisikika redio imefunguliwa kwa sauti kubwa, "usinichezee asubuhi hii. Mwanangu ninaye mmoja na yuko hewani, namsikiliza hapa."

"Mama, sikiliza sauti yangu!"

"Naisikia. Siijui." Akakata.

Akapiga tena. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Na kutoka dirishani kwa jirani, kupitia mvua, ikaingia sauti ya mama mkwe, yenye furaha na kiherehere cha mtu aliyepata laini.

"Haloo? Mama Pole, mwanangu? Ni mama yako. Kuna mwanamke ananisumbua kwenye simu. Anajifanya wewe. Analia."

"Pole, mama," redio ikajibu, tamu, ikaingia kwenye mifupa. "Watu wana shida zao. Akipiga tena usimpokee."

"Simpokei, mwanangu. Hata akija hapa mlangoni, simpokei."